Lambo Lako, Afya Yetu Sote

Kila mwaka mvua zikikatika, akina mama wa Mtwara huanza tena safari ya ndoo. Juu kwenye uwanda wa Makonde maji yako mbali, chini bondeni. Huku pwani visima vingi vina chumvi. Basi, anayejenga tuta la udongo na kuweka akiba ya maji ya mvua anafanya jambo jema. Tunampongeza. Lakini lambo lisilotunzwa hugeuka mlango wa ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka kutafuta ngozi ya binadamu. Mtoto anayeogelea, mama anayefua, wote hupenywa. Baadaye mkojo huwa na damu. Wazazi wengine hudhani mtoto wa kiume anabalehe. Sivyo! Mpelekeni zahanati mapema. Asipotibiwa, kibofu na figo huweza kuharibika. Dawa yake ni prazikwanteli, lakini akirudi kuoga lambo lile lile ataambukizwa tena.

Kwa hiyo hatukubaliani na mwenye lambo anayesema, "Maji ni yangu, nifanye nipendavyo." Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma. Tuta ni lake. Maji ni dhamana. Kabla ya kuzuia kijito, aombe kibali na ushauri wa Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, mjini Mtwara. Tuta likibomoka usiku wa mvua, atakayesombwa ni jirani.

Mwenye lambo afanye haya: azungushie uzio, ng'ombe wanywe kwenye birika la pembeni, aache njia ya kupunguzia maji yakizidi, juu ya tuta apande nyasi, si miti, maana mizizi hupasua udongo.

Nasi majirani tusimwachie kazi yote. Tujenge vyoo na tuvitumie. Tuchote, tukafulie mbali na lambo. Maji ya kunywa tuyachemshe. Ya kuoga tuyaweke siku 2 katika pipa lisilo na konokono. Vijidudu vya kichocho vitakufa.

Jumuiya ndogo ndogo zikutane na mwenye lambo sasa, wakati wa kiangazi, zipange zamu za usafi. Tusingoje mpaka mtoto akojoe damu.