Wacheni Kusema "Ni Blanki Tu"

Nianze na trei ya mayai.

Jumamosi moja tulikuwa juu ya ploti, pale watu huanika nguo, tukirekodi skiti ya konda na mwizi. Watu sita, simu mbili, ringlaiti moja inayowaka ikijisikia. Tulikuwa na bastola ya plastiki ya mtoto, tumeipaka rangi nyeusi, na kwa kamera ilikaa fiti kabisa. Halafu jamaa mmoja akafungua begi akasema wacheni utoto, nimewaletea kitu ya ukweli. Bastola ya kuanzishia mbio, ati ameazima kwa mtu wa mambo ya michezo. Na maganda matano yamefungwa kwa karatasi.

"Ni blanki tu," akasema. "Hakuna risasi ndani. Ni sauti na moshi."

Dairekta wetu (naye ni mimi na yeye tulianzisha hiyo chaneli, kumbuka hilo) akamwambia mwizi aishikilie kwa kichwa cha konda. Igusane na ngozi, akasema, kwa sababu watu wa komenti huona kila kitu.

Nikasema zi. Kwanza tujaribu kwa kitu kingine. Kulikuwa na trei tupu ya mayai hapo kando ya tangi, tukaisimamisha, jamaa akagusisha mtutu akafyatua. Mama wa fourth floor alipiga nduru. Masikio yangu yalilia hadi jioni. Na ile trei ilikuwa na tundu la kutoshea ngumi ya mtoto, kingo zake nyeusi, bado zinatoa moshi.

Unajua walisema nini? "Basi tuishike mbali kidogo."

Niliondoka. Usiku huo nikatolewa kwa grupu ya WhatsApp. Wiki iliyofuata skiti ikatoka, ikapata views nyingi kuliko kitu chochote tumewahi kufanya pamoja, na mmoja wao akanitumia linki na maneno haya: "Si umeona hakuna mtu alikufa?"

Sasa buda, wacha nikujibu hapa, mbele ya kila mtu, kwa sababu hiyo sentensi ndiyo inanikera kuliko hata kufukuzwa.

Ganda la risasi lina vitu vinne. Kuna ganda lenyewe la shaba. Kuna kale kadude kadogo kwa kitako, fataki, kanakogongwa na bunduki kakatoa cheche. Kuna baruti. Na mbele kabisa kuna kichwa cha risasi, ile risasi yenyewe inayoruka. Blanki imetolewa hicho kichwa tu. Fataki iko. Baruti iko. Na kwa sababu baruti ingemwagika, mdomo wa ganda hukunjwa, au huzibwa na kizibo cha karatasi, plastiki au kitu kama hicho. Ukifyatua, gesi yenye moto mkali inatoka kwa mtutu kwa presha ya ajabu, ikisukuma hicho kizibo au vipande vyake mbele yake. Kwa Kiswahili cha taarifa ya habari wanaita risasi baridi. Aliyeipa hilo jina hakuwahi kuweka mkono mbele ya mtutu.

Oktoba 12, 1984, Los Angeles, mwigizaji Jon-Erik Hexum alikuwa kwa seti ya kipindi kinaitwa Cover Up. Miaka 26, sura ya kuuza kipindi. Kulikuwa na kusubiri kwingi, akachoka, akaanza kucheza na bastola iliyokuwa na blanki. Akaiweka kwa panja la kichwa chake kama utani, akafyatua. Kizibo hakikupenya fuvu. Hakikuhitaji kupenya. Nguvu ya pigo ilivunja kipande cha mfupa, ukubwa wa sarafu, ikakiingiza kwenye ubongo. Siku sita baadaye, Oktoba 18, alikuwa amekufa. Hapo ndipo mlitaka kuweka konda wetu. Mahali pale pale, kwa panja.

Usiniambie ati karatasi haiwezi kuumiza. Nilizama YouTube siku kadhaa baada ya hiyo mambo, nikakuta wazee wa Marekani ambao hujitengenezea risasi nyumbani. Kwao kuna sehemu hiyo ni hobi ya kawaida. Wanayeyusha madini ya risasi, wanamimina kwa kalibu, wanatengeneza risasi za nguvu ndogo. Sasa baruti kidogo ndani ya ganda kubwa inaacha nafasi, inatembeatembea, hivyo wengine hujaza hiyo nafasi na kitu laini ndiyo baruti ikae karibu na fataki. Pamba ya polyester. Au sufi, ile ile ya mito ya Pwani. Na hao wazee wamegombana juu ya hiyo sufi miaka na miaka, kwa sababu kuna wanaosema ikisukumwa kwa ile kasi ikagonga kitako cha risasi, inaweza kuacha alama ya pete kwa chuma cha bunduki. Chuma! Watu wazima wenye mizani za kupima baruti wanaogopa sufi, na wewe uko juu ya ploti na maganda ya kuazima unaniambia nitulie.

Mwingine ataniambia Hollywood wanazitumia. Sawa, twende Hollywood.

Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, yule ambaye wazazi wetu walilipa kuingia kwa vibanda vya video kumwona. Machi 1993, wanarekodi The Crow kule Wilmington, North Carolina. Walihitaji risasi bandia za kuonekana kwa kamera, zile zenye kichwa lakini hazilipuki. Badala ya kutafuta za kununua, watu wa seti wakachukua risasi za kweli, wakang'oa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa. Fataki wakaacha. Baadaye mtu akafyatua, na fataki peke yake ikasukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu, kikakwama hapo. Hakuna aliyeangalia ndani. Ikafika siku ya sini nyingine, bastola ile ile ikawekwa blanki, ikaelekezwa kwa Brandon kutoka hatua chache. Blanki ikafanya kazi yake. Machi 31 akafariki, miaka 28.

Hebu soma hiyo tena polepole. Bastola ilikuwa na "blanki tu". Kila mtu pale angekuapia.

Na Oktoba 21, 2021, New Mexico, seti ya Rust, Alec Baldwin ameshika bastola aliyoambiwa ni salama. Ndani kulikuwa na risasi ya kweli. Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu, akafa. Dairekta akaumia bega. Msimamizi wa silaha alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia 2024, akapewa miezi 18. Yaani walikuwa na mtu ameajiriwa kwa kazi hiyo, na bado. Kwetu aliyesimamia silaha ni msee mwenye begi.

Halafu ninyi mnaosema Hollywood, mbona hamkufuata yaliyotokea baadaye? Watu wa The Rookie waliacha kabisa bunduki za kufyatua kwa seti, wakaweka za kuchezea na kuongeza moto wakiediti. Dwayne Johnson akatangaza kampuni yake itatumia bunduki za mpira. The Rock! Huyo ana pesa ya kununua kila blanki duniani.

Sisi hata hatuhitaji hiyo pesa. Mwako wa risasi ni fremu mbili. Sauti unaiweka juu. Mwigizaji akirudisha mkono kidogo kama amerukwa, imeisha. Kwa skrini ya simu hakuna mtu atajua, na anayejua anaangalia kwa sababu anapenda mambo ya kuediti.

Kuna kitu kingine, na hiki si cha skiti. Hili neno tumelizoea vibaya. Juni 2024 nikiwa tauni, milio inalia, kuna msee kando yangu aliniambia usikimbie, ni blanki hizo. Hakuwa na njia ya kujua. Hakuna mtu anaweza kujua kwa sikio, ukiwa barabarani, moshi kwa macho, kama bunduki iliyolia ilikuwa na kichwa cha risasi au la. Nilikimbia. Na tarehe 25 sote tunajua watu walizikwa baada ya hapo.

Kwa hivyo, jibu langu kwa ile linki: ndiyo, nimeona hakuna mtu alikufa. Kwa The Crow pia walifyatua siku nyingi na hakuna mtu alikufa.

Nina folda ya sauti za bastola, zaidi ya thelathini, na mwako wa kuweka kwa mtutu, zote za bure. Yeyote anayetaka aniandikie, hata ninyi mlionitoa kwa grupu. Na ile trei niliibeba. Iko kwa balkoni yetu, mama anauliza kila siku ni ya nini. Mjue mnaweza kupita muione.