Kisangani nayo ipate tamasha lake la filamu

Ndugu Mhariri,

Naomba Kisangani iwe na tamasha la kila mwaka la filamu za majaribio, zile ambazo televisheni hazizigusi. Goma wameweza: kituo cha sanaa cha Yole!Africa kilianzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu, na vijana wakapata pa kuonyesha kazi zao. Sisi tunakosa nini? Mwongozaji filamu Dieudo Hamadi ni mtoto wa mji huu. Filamu yake ya 2020, En route pour le milliard, inawafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vilivyopiganwa hapa mjini Juni 2000, wakishuka mto kwenda Kinshasa kudai fidia. Mara wako kwenye boti, mvua inawapiga, wameng'ang'ania turubai. Mara wako jukwaani, na magongo yao, wakiigiza machungu yao wenyewe. Hiyo ndiyo sinema inayothubutu! Tamasha la Cannes liliichagua. Basi ionyeshwe kila Juni katika mitaa yetu ya Makiso, Mangobo na ng'ambo ya mto Lubunga, bure, mbele ya wenye kisa. Wasanii tunao; Studios Kabako ya mcheza dansi Faustin Linyekula iko hapahapa. Jenereta, projekta na shuka jeupe vinatosha kuanzia. Wakuu wa mji, tunawaomba uwanja.

Msomaji wenu,
Kisangani