Maniema: Magari ya zamani ya Kasongo na Kabambare yanangoja piesi, na piesi zinangoja barabara

Fundi wa gari katika Kasongo akisema mafuta yameisha, mwenye gari anatafuta mafuta. Akisema gari linataka kusukumwa, vijana wanaitwa, wanasukuma. Lakini akitoka chini ya gari, akapangusa mikono na kusema « hapa inahitajika piesi », mambo yamebadilika. Gari linasogezwa chini ya muembe, magurudumu yanafunguliwa ili yasiibiwe, na majani yanaanza kuota kati ya resori. Linaweza kukaa pale mwezi mmoja. Linaweza pia kukaa mwaka.

Kusini mwa jimbo la Maniema, toka Kasongo mpaka Kabambare, magari ya namna hiyo wakaaji wanayajua kama wanavyojua majirani: Land Rover ya misioni, lori la mfanyabiashara fulani, Land Cruiser iliyobaki pale shirika lilipofunga ofisi. Watu wanasema yamezeeka. Kosa linaanzia hapo. Gari halizeeki kama mtu. Linakufa kwa sababu kitu kimoja, mara nyingi kidogo kuliko kiganja, kimekosekana, na hakuna aliyepanga mapema namna ya kukipata.

Tuchukue Land Rover, ambayo wazee wa huku waliizoea tangu wakati wa Wabelgiji. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa nne 1948, na gari la mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwezi wa kwanza 2016. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa haba kule Uingereza. Ndiyo maana mvua ya Maniema haiwezi kuila haraka. Fremu ya chini ni chuma na inashika kutu, lakini fundi mwenye mashine ya kuunga chuma anaikata na kuitia kiraka. Kitu ambacho hawezi kukitengeneza ni mpira mdogo unaokaa ndani ya silinda ya breki. Ule mpira ukiraruka, gari zima ni sawa na kibanda cha kuku.

Huko ng'ambo, gari lenye umri kama huo ni mali ya kifahari. Watu wanaopenda magari ya zamani ya michezo wanajua kwamba mwenye makuta anaweza kufufua karibu gari lolote, na viwanda vyenyewe vimeanza kuwasaidia. Toyota ilitengeneza gari la mbio linaloitwa 2000GT kati ya mwaka 1967 na 1970, na jumla yake haikufika 400. Lakini mwaka 2020 kiwanda kilianza tena kutengeneza baadhi ya piesi zake, pamoja na zile za Supra, chini ya mradi wa kuhifadhi magari ya zamani. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba mradi huo utachukua pia Land Cruiser za namna ya 40, zilizotengenezwa toka 1960 mpaka 1984.

Habari hiyo ya mwisho ilipaswa kusomwa kwa sauti kubwa Kasongo, kwa sababu Land Cruiser ya 40 siyo gari la maonyesho huku kwetu. Ni gari la kubeba mchele, wagonjwa na maiti. Tajiri wa Tokyo anasubiri piesi yake ili aende matembezi Jumapili, na watu wa Kabambare wanasubiri piesi ileile ili mama mwenye uchungu afike hospitali. Piesi ipo. Aliyeitengeneza yupo. Kinachokosekana ni njia kati ya ghala na muembe.

Hata mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yanafundisha jambo hilo. Datsun 240Z, gari dogo la michezo kutoka Japani, ilishinda Safari Rally mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Watu wanakumbuka dereva. Wachache wanakumbuka kwamba timu za viwanda zilikuwa zinaweka mafundi na piesi kwenye njia, gari likivunjika resori linakuta resori nyingine inangoja mbele. Barabara zile hazikuwa na huruma kuliko za kwetu. Tofauti ni kwamba kule mtu alijua mapema kitu gani kitavunjika.

Kasongo piesi zinafika namna gani? Kuna njia ya Kindu, zaidi ya kilomita 200, ambayo wakati wa mvua inageuka mto wa matope. Kuna gari moshi la SNCC kutoka Lubumbashi, lakini reli inapita upande wa magharibi wa mto Lualaba na mji wa Kasongo uko mashariki. Tena anayengoja gari moshi lile haweki tarehe. Kuna njia ya ziwa: mzigo unatoka bandari ya Dar es Salaam, unafika Kigoma, unavuka Tanganyika hadi Kalemie au Uvira. Kutoka Uvira unapanda kwa Baraka, Fizi na Lulimba mpaka Kabambare, kati ya bariere za watu wenye sare na za watu wasio na sare.

Njia hiyo ya mashariki siyo mpya. Ni karibu ileile ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare na kufika Kasongo, mji wa Tippu Tip. Kiswahili chetu wenyewe kiliingia kwa njia hiyo. Wakati ule mizigo ilibebwa kichwani. Leo vijana wanaisukuma kwa baiskeli, na amortisa ya gari inafungwa juu ya magunia ya chumvi. Baada ya miaka zaidi ya 130, maendeleo ni magurudumu mawili.

Halafu vita. Wafanyabiashara wengi wa Maniema walizoea kununua Goma na Bukavu, na ndege za Goma zilikuwa zinaleta mizigo midogo Kindu kwa siku moja. M23 iliingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa. Katika habari watu walihesabu wakimbizi na maiti, na ni haki. Hakuna aliyehesabu magari ya Maniema yaliyosimama kwa sababu duka la Bukavu lililokuwa linayalisha halikuweza tena kutuma kitu.

Lakini tusiweke kila kitu juu ya vita na barabara. Kuna tatizo lingine ambalo halihitaji jeshi wala katapila, nalo ni kuagiza ovyo. Mtu anapiga simu Lubumbashi: « Nitumie rulema ya Land Cruiser. » Land Cruiser gani? Ya mwaka gani? Gurudumu la mbele ao la nyuma, la ndani ao la nje? Muuzaji anakisia, mzigo unasafiri wiki kadhaa, unafika, hauingii. Makuta yamekwenda, na muuzaji wa mbali harudishi. Wenye magari wengi wakisema « piesi hazipatikani », kwa kweli walipata piesi mara mbili, na mara zote mbili haikuwa yenyewe.

Hapa fundi mwenye kalamu ana thamani kuliko fundi mwenye nguvu. Rulema, zile duara za chuma zenye gololi zinazobeba gurudumu, zina namba iliyochongwa ubavuni, na namba hiyo ni moja dunia nzima. Yenye 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52 na unene milimita 15, ikiwa imetoka Ujerumani, Japani ao China. Yenye 6301 ni 12 kwa 37 kwa 12. Kwa hiyo rulema ya mashine ya kukoboa mchele inaweza kuokoa pikipiki, kama namba ni ileile. Mipira ya kuzuia mafuta nayo imeandikwa vipimo vitatu: cha ndani, cha nje na unene. Na piesi za Toyota zina namba ya tarakimu kumi, tano za kwanza zikionyesha aina ya kitu na tano za mwisho gari lenyewe. Fundi akisafisha piesi mbovu kwa petroli, akaipiga picha namba na kuituma kwa WhatsApp pamoja na namba ya shasi, mtu wa Lubumbashi ao wa Dar es Salaam hana tena nafasi ya kukisia.

Jambo dogo kama hili halifundishwi vya kutosha. Kijana anaingia garaji akiwa na miaka 14, anajifunza kwa macho, anakuwa fundi hodari wa mikono ambaye hajawahi kufungua katalogi. INPP, taasisi ya taifa ya kufundisha kazi, iliundwa mwaka 1964 kwa ajili ya watu kama hao. Kozi ya wiki mbili ya kusoma namba na kutumia kipimo cha kaliba, ikifanyika Kasongo kwenyewe na siyo mji mkuu wa jimbo, ingefufua magari mengi kuliko hotuba.

Na kuna swali ambalo wenye magari hawalipendi: gari limefufuka ni gari gani? Huku likiwaka na kutembea, watu wanapiga makofi. Lakini gari linalofaa barabarani ni lile linaloweza kusimama. Fundi akikosa mpira wa breki, anakunja bomba la gurudumu moja ili mafuta yasimwagike, na gari linaenda na breki tatu. Kesho mbili. Mwingine anamimina mafuta ya motere pahali pa mafuta ya breki, hajui kwamba yale yanavimbisha mipira yote na kuiua kwa siku chache. Juu ya gari hilo wanapanda watu ishirini na mbuzi. Sheria ya barabara ya mwaka 1978 iko, inadai gari liwe zima. Kwenye bariere wanauliza karatasi na makuta, na ni nadra mtu kuomba dereva akanyage breki.

Serikali ilifikiri dawa ni kuzuia uzee. Mwaka 2012, serikali ya Waziri mkuu Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, ilikata kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 10. Nia inaeleweka. Lakini amri kama hiyo inalinda mpaka wa Kasumbalesa. Haina la kusema kuhusu gari ambalo liko Kabambare tayari na litabaki pale mpaka liozeane na udongo. Wala gari jipya siyo jibu kila mara. Land Cruiser yenye motere ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, haina kompyuta ya kuongoza mafuta. Fundi mwenye funguo na subira anaifungua na kuifunga. Mpya nyingi zinataka kompyuta ya kuzipima, na Kasongo siku moto wa umeme unapokosekana, kompyuta hiyo ni kioo cha kujitazamia.

Wenye lawama kubwa zaidi ni wale wanaotoa magari. Mashirika, wizara na hata wanasiasa wakati wa uchaguzi wanaleta gari la wagonjwa ao pikipiki kwa kituo cha afya, picha zinapigwa, utepe unakatwa. Kila mmoja analeta namna yake. Eneo moja la afya linajikuta na pikipiki za viwanda vitatu ambavyo haviazimani hata bujie. Na Kasongo siyo mahali pa kubahatisha: mradi wa afya ulioanzishwa pale miaka ya 1970 pamoja na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp umesomwa na madaktari wa nchi nyingi. Chanjo inayobebwa kwenye barafu haijui kama pikipiki imekosa mnyororo ao dereva amelala. Barafu inayeyuka tu.

Anayetoa gari angelazimishwa kutoa pia sanduku la piesi zinazojulikana kuharibika katika miaka miwili ya kwanza: filta, mipira ya breki, rulema za mbele, sahani ya ambreyaje, resori za akiba, na katalogi yenye namba. Na jimbo lingechagua namna mbili tu za magari na moja ya pikipiki kwa huduma zake zote za kusini, ili gari lililokufa Wamaza liweze kulisha la Kasongo. Mafundi wanafanya hivyo tayari kwa siri, usiku, na wanaitwa wezi.

Bado kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa mwaka 2008, unaokula sehemu ya kila litri ya mafuta. Wakaaji wa kusini mwa Maniema wanalipa mara mbili: mara ya kwanza kwenye litri, mara ya pili kwa amortisa iliyovunjika kwenye shimo ambalo litri hiyo ilipaswa kulifunika. Wabunge wa Kasongo na Kabambare wana haki ya kuuliza hesabu hiyo Kinshasa, na hawajaisumbua sana.

Wakati wanajibu, mafundi wa miji hii miwili hawahitaji ruhusa ya mtu kuandika daftari moja la pamoja: gari gani liko wapi, limekosa namba gani, nani ana gari lililokufa lenye piesi hiyo nzima. Mvua zinarudi mwezi wa tisa. Orodha ikitoka Kasongo mwezi wa sita kwa simu, mzigo una nafasi ya kufika kabla madaraja ya miti hayajaanza kusombwa.