Nani arudi nyumbani, nani alale mahabusu

Mei 14, 2020, shule za Michigan zikiwa zimefungwa kwa sababu ya corona, msichana mweusi wa miaka 15 alifikishwa mbele ya jaji wa Kaunti ya Oakland, jirani na Detroit. Alikuwa akitumikia kifungo cha nje kwa kugombana na mama yake na kuiba simu ya mwanafunzi mwenzake. Safari hii hakuwa amempiga mtu wala kuiba. Alikuwa hajafanya kazi za shule alizopewa kwa njia ya mtandao. Jaji akayarejea makosa yale ya zamani, akasema binti huyo ni tishio kwa jamii, akaamuru apelekwe mahabusu ya watoto.

Mwezi Machi mwaka huohuo gavana wa jimbo alikuwa ameagiza kwamba, kwa kuhofia maambukizi, watoto wasifungiwe kwa kukiuka masharti ya kifungo cha nje isipokuwa kama kuna hatari kubwa na ya papo kwa papo. Neno hilo "isipokuwa" lilitosha. Msichana alikaa ndani siku 78, hadi Mahakama ya Rufani ilipoamuru aachiwe Julai 31, baada ya shirika la habari la ProPublica kufichua kisa chake na wanafunzi wenzake kuandamana. Wanahabari wa shirika hilo walipopekua takwimu za kaunti, walikuta kwamba kati ya Januari 2016 na Juni 2020 asilimia 42 ya kesi za watoto ziliwahusu weusi, ilhali weusi ni kama asilimia 15 tu ya vijana wa kaunti hiyo.

Marekani imepunguza sana kufungia watoto. Mwaka 2000 walikuwa zaidi ya 108,000 katika mahabusu na magereza ya watoto. Mwaka 2021 walikuwa kama 25,000. Hayo ni mafanikio makubwa, na waliopigania wanastahili sifa. Lakini katika miaka hiyohiyo kijana mweusi ameendelea kufungiwa zaidi ya mara nne ya kijana mweupe. Milango imefunguliwa kwa maelfu, na pengo halijazibika.

Wapo wanaojibu haraka kwamba weusi wanafanya makosa zaidi. Jibu hilo halielezi kwa nini watoto wawili wenye kosa moja na rekodi moja hupewa njia mbili. Mwaka 1998 watafiti George Bridges na Sara Steen walichapisha uchunguzi wa ripoti ambazo maofisa wa uangalizi wa jimbo la Washington huandika kumsaidia jaji kuamua. Kosa la mtoto mweupe lilielezwa zaidi kwa mazingira yake: marafiki wabaya, nyumba yenye ugomvi. La mtoto mweusi lilielezwa kwa hulka yake: hajutii, hashirikiani na maofisa. Anayeonekana kaponzwa na mazingira huhesabiwa kuwa anasaidika. Anayeonekana na moyo mbaya huhesabiwa kuwa atarudia, na ripoti inaweza kufika huko bila kutaja rangi hata mara moja.

Na sheria huuliza hasa juu ya kurudia huko. Tangu hukumu ya Schall dhidi ya Martin ya mwaka 1984, Mahakama Kuu ya Marekani imeruhusu mtoto ambaye kesi yake haijasikilizwa afungiwe ikiwa jaji anaona upo uwezekano mkubwa wa kutenda kosa jingine. Yaani mtu mzima anamtazama mtoto kwa dakika chache na kutabiri. Upendeleo wa rangi unapata nafasi hapo, mapema kabisa, kabla ya ushahidi kuletwa.

Katika Kaunti ya Rutherford, jimbo la Tennessee, mwaka 2016 polisi waliwakamata watoto weusi 11, mmoja wao akiwa na miaka 8, baada ya kusambaa kwa video ya watoto wakirushiana ngumi dhaifu. Walituhumiwa kwa kutozuia ugomvi, jambo ambalo sheria ya jimbo haikulitambua kuwa kosa. Mahabusu ya kaunti ilikuwa na utaratibu wake wa kuchuja: anayeonekana kuwa "tishio la kweli" anabaki. Tishio hilo ni lipi, mwongozo haukufafanua. Mwaka 2014 Rutherford ilifungia asilimia 48 ya watoto waliofikishwa kwake. Wastani wa jimbo ulikuwa asilimia 5. Jaji wa shirikisho aliusimamisha utaratibu huo mwaka 2017, na mwaka 2021 kaunti ikakubali kulipa fidia ya hadi dola milioni 11.

Tofauti na hapo ni Kaunti ya Multnomah, penye mji wa Portland, Oregon. Katika miaka ya 1990 viongozi wake walikaa na fomu ya kuamua nani abaki ndani, wakaichambua swali kwa swali. Fomu za namna hiyo zilikuwa zikiuliza kama mtoto anaishi na wazazi wake. Waliuliza badala yake kama yupo mtu mzima aliye tayari kuhakikisha mtoto anafika mahakamani. Swali la kwanza lingemwangusha hata mtoto wa wakimbizi wa Kikongo anayelelewa na shangazi. La pili linampa shangazi huyo nafasi ya kusimama na kusema "mimi hapa". Kufikia mwaka 2000, uwezekano wa kufungiwa kwa weupe na weusi waliokamatwa Multnomah ulikuwa karibu sawa.

Kwa hiyo dawa inajulikana, na ni aibu kwamba haijaenea. Tangu 1988 sheria ya shirikisho imeyataka majimbo yashughulikie wingi wa watoto wasio weupe mahabusu, ila haikuyawekea lengo lolote la idadi, na majimbo mengi yamezoea kupeleka ripoti tu. Mabunge ya majimbo yanaweza kuanza na mambo mawili: kufuta maneno kama "tishio" yasiyo na ufafanuzi, na kuilazimu kila kaunti ichapishe kila mwaka ni watoto gani iliowafungia kabla ya kesi, kwa kosa gani, na wa rangi gani.