KUJIFUNZA KOMPYUTA NI KAZI, NA KAZI HULIPWA



Matawi yetu yametuletea habari moja kwa vinywa vingi, nayo yawahusu wenzetu wa maktaba. Kompyuta zimewekwa mezani, makabati ya kadi yamepelekwa stoo, na wafanya kazi wameambiwa kwamba tangu sasa kila kitabu kitaandikishwa, kitaazimwa na kitarudishwa kwa mashine. Hayo si mabaya. Lakini walipouliza watafundishwa lini, wengine walijibiwa kwamba mtu mzima hujifundisha mwenyewe, usiku, kwa simu yake na kwa fedha zake. Hapo ndipo sisi twasema: Hapana.

Tusije tukasingiziwa. Chama hakipingi kompyuta. Huko Kericho, wachumaji wa chai walipoona mashine zikishika kazi ya mikono yao hasira ilipanda, na mwaka 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto. Mambo ya maktaba si kama hayo. Mashine ya chai humwondoa mchumaji shambani, lakini kompyuta ya maktaba bila mfanya kazi ni sanduku lenye taa tu. Yamhitaji mtu ajuaye vitabu na ajuaye watu. Tunachopinga ni kumwekea mtu chombo kipya mezani, kumnyima mafunzo, kisha kumwita mjinga.

Wanachama wa kazi nyingine huenda wakadhani kwamba hii ni kazi ya kubonyeza tu. Basi na tueleze. Maktaba nyingi siku hizi hutumia programu iitwayo Koha. Ilianza kutengenezwa huko New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya moja ndogo, ikashika kazi mwanzo wa mwaka 2000, na jina lake kwa lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Programu yenyewe haiuzwi. Maktaba yo yote yaweza kuichukua bure. Lakini zawadi hiyo haijiendeshi. Habari za kila kitabu huandikwa katika sehemu zenye namba: mwandishi mahali pa 100, jina la kitabu mahali pa 245, jambo linalozungumzwa mahali pa 650. Tena kila kitabu kina namba yake ya rafu. Fasihi ya Kiswahili, kwa mfano, hukaa 896.392. Mtu akikosea tarakimu moja, kitabu kipo ndani ya nyumba lakini kwa msomaji kimepotea, wala hakuna tena kadi ya kupekua.

Na hapa ndipo mfanya kazi wetu aishindapo mashine. Chukua jina la marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Mtu asiyejua desturi zetu hudhani jina la mwisho ni la ukoo, kama ilivyo kwa Wazungu, akamwandika chini ya Thiong'o. Mwanafunzi atatafuta Ngugi, asione kitu, aende zake. Mfanya kazi wa maktaba ajua kwamba mtu huyo ni Ngugi, mwana wa Thiong'o, na ndivyo atakavyoulizwa na wasomaji. Ujuzi huo haukuja ndani ya boksi pamoja na kompyuta. Ulikuwamo kichwani mwa mfanya kazi miaka mingi, naye akifundishwa chombo kipya atautia humo. Asipofundishwa, ujuzi huo utakwenda naye siku atakapostaafu.

Kazi ya pili ni kutafuta habari katika intaneti. Watu husema kila kitu kimo, kila mtu ajitafutie. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sheria za Kenya na hukumu za mahakama zasomwa bure katika ukurasa wa Kenya Law, lakini mfanya kazi aliyefukuzwa, ajaye maktaba kutafuta haki yake, atajuaje asipoonyeshwa? Hadithi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Kenya zapatikana bure katika African Storybook, iliyoanzishwa na watu wa Afrika Kusini. Mwalimu wa kijijini atajuaje? Tena tangu mwaka 2003 iko orodha iitwayo DOAJ, yenye majarida ya wataalamu yasomwayo bila malipo. Kwa majarida yanayouzwa, maktaba za Kenya zimefanya kama tufanyavyo sisi: zimejiunga katika umoja uitwao KLISC ili zinunue pamoja, kwa kuwa maktaba moja peke yake haina nguvu mbele ya wauzaji. Basi kama maktaba zajua faida ya umoja, wafanya kazi wa maktaba wasikose kuijua.

Kazi ya tatu ndiyo nzito, nayo haimo katika barua ya kuajiriwa ya mtu ye yote. Siku hizi Serikali yaomba raia afanye mambo yake kwa eCitizen, alete hesabu za kodi kwa iTax, na mwanafunzi aombe mkopo wa HELB kwa mtandao. Asiye na kompyuta huenda wapi? Huja maktaba. Mzee huleta kitambulisho chake na simu yake, na neno lake la siri huliandika kwenye kikaratasi akampa karani. Karani huyo amekuwa mwalimu, amekuwa mwandishi wa barua, na amekuwa mwekaji wa siri za watu. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda habari za watu. Je, karani amefundishwa sheria hiyo? Fedha za mzee zikipotea kesho, nani ataulizwa? Si yule bwana mkubwa aliyesema watu wajifundishe wenyewe usiku.

Sasa sikilizeni neno la sheria, maana wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, yasema kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imepungua, lazima akipe chama taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, na amlipe kila aondokaye mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Hayo mengi mwayajua. Lakini sheria hiyo yasema pia kwamba katika kuchagua nani aondoke, mwajiri aangalie miaka ya utumishi, na pia ujuzi, uwezo na uaminifu. Litazameni neno hilo, ujuzi. Mtu aliyetumika miaka 25 akinyimwa mafunzo leo, kesho ataambiwa hana ujuzi, na miaka yake haitamsaidia kama alivyotumaini. Kwa hiyo nafasi ya mafunzo si zawadi ya kupewa vijana watatu wanaopendwa ofisini. Ni ngao ya kazi ya kila mtu.

Kwa upande wa fedha, twawakumbusha waajiri kwamba Sheria ya Mafunzo ya Viwanda imeweka ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, nayo hutoka mfukoni mwa mwajiri, haikatwi katika mshahara. Nchi imekwisha kukubali kwamba mafunzo ni gharama ya kazi. Vipi basi karani wa maktaba anunue bando kwa fedha za unga wa watoto wake ili ajifunze programu ya tajiri?

Baada ya kusema na waajiri, sasa twasema na ninyi wenyewe. Enyi wazee wa kazi, msikae nyuma mkisema kompyuta ni ya watoto. Aliyeweza kupanga kadi elfu kwa alfabeti bila kukosa, hatashindwa na jambo hili. Ni kadi zile zile katika nyumba nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nanyi vijana, mlioletwa kwa mikataba mifupi kwa kuwa mwajua mashine, msimcheke mzee abonyezaye kwa kidole kimoja. Yeye ajua kitabu kiko wapi na msomaji ataka nini hata asipojua kukitaja. Mfundisheni, naye awafundishe. Mkigawanyika, mwajiri atawatumia ninyi kumwondoa yeye, kisha atawaondoa ninyi mkataba utakapokwisha.

Kwa sababu hizo twataka mambo matano, mwajiri awe kaunti, awe shirika la Serikali, awe chuo:

1. Mafunzo yafanyike saa za kazi, na saa hizo zilipwe kama saa nyingine.

2. Kila mfanya kazi wa maktaba afundishwe, tangu mkuu wa maktaba hata apangaye rafu na alindaye mlango, kwa zamu, bila upendeleo.

3. Vyombo, intaneti na umeme wa kujifunzia vitolewe na mwajiri.

4. Mtu asipelekwe mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la mashine ambayo hakufundishwa.

5. Kazi ikibadilika, barua ya kazi ibadilishwe kwa maandishi baada ya kushauriana na mfanya kazi, kama kifungu cha 10 cha sheria ile ile kisemavyo, na daraja la mshahara litazamwe upya. Afundishaye umma apewe cheo cha mwalimu wa umma, si cha mpanguza vumbi.

Madai hayo hayatapatikana kwa kunung'unika chini ya mti. Twawaomba makatibu wa matawi yote yenye maktaba waandike orodha kabla ya mkutano ujao: jina la kila mfanya kazi, miaka aliyotumika, kompyuta zilizopo, na siku ngapi kila mmoja amefundishwa. Ikiwa siku ni sifuri, andikeni sifuri. Orodha hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani wakati wa mapatano, kwa kuwa neno tupu hujibiwa kwa neno, lakini hesabu sharti ijibiwe kwa hesabu.

Maktaba ndiyo shule ya mtu asiye na karo. Anayeufungua mlango wake kila asubuhi ni mfanya kazi mwenzetu. Yeye afundishwe, ili aweze kufundisha.

Umoja ni nguvu.