Chiellini si kisingizio chako

Wasee, msinitumie tena zile video za "mpira haudai digrii". Kila nikiposti kuhusu chuo lazima mtu aulize, ati mabeki wa Italia walisoma wapi?

Sawa, tuongee kuhusu Giorgio Chiellini. Yule Suárez alimuuma bega Kombe la Dunia 2014 mkacheka. Yule alimvuta Saka kola pale Wembley, fainali ya Euro. Mnamwona mtu wa mabavu tu, si ndiyo? Huyo buda alipata digrii 2010, akaongeza ya uzamili ya biashara 2017, Chuo Kikuu cha Turin, akiwa bado beki wa Juventus. Na hiyo ni Juve ya kuchukua ligi mara tisa mfululizo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinisumbua, kweli, lakini pia nilikuwa nalala hadi saa tano, na sikuwa na mechi yoyote Jumapili.

Ukiacha, sema ukweli: ni pesa, ama umechoka. Usimwambie mamako ati wanasoka hawasomi. Wangu nilimwambia hivyo, na bado analipa mkopo wa chama aliochukua kunipeleka.