Pembe tulivu za Kindu zisiuzwe kimyakimya

Mgeni akishuka Kindu na kuuliza kuna nini cha kutembelea, wakaaji wengi wanamjibu: «Hapa hakuna kitu, ni vumbi na pikipiki tu.» Jibu hilo si la kweli, tena lina hatari. Mji ambao wenyeji wake wanasema hauna kitu, ni rahisi kuukata vipande vipande na kuuuza bila mtu kulalamika.

Kindu haina majira ya maua kama Ulaya. Lakini ina mwezi wa tisa, wakati mvua za kwanza zinatuliza vumbi la kiangazi na majani ya miembe yanang'aa. Mwenye kuchukua siku moja ya wakati huo, akatembea kwa miguu bila haraka, atauona mji mwingine.

Asubuhi aanzie kwenye gare. Siku isiyo na treni, na siku hizo ni nyingi, pale pana utulivu. Reli hiyo inatoka Kongolo, kilometa 355, na ilijengwa na kampuni ya CFL ya tajiri Mbelgiji Empain kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Ndiyo sababu mji uliitwa zamani Kindu-Port-Empain. Mizigo ilishushwa hapa kutoka gari la moshi na kupakiwa kwenye meli za kuelekea Ubundu. Jina la tajiri liliandikwa kwenye ramani. Majina ya Wakongo waliobeba vyuma vile hayakuandikwa.

Mchana avuke kwenda Alunguli. Daraja hakuna, kwa hiyo ni mtumbwi. Katikati ya Lualaba kelele za pikipiki zinapotea, inabaki sauti ya kasia. Ng'ambo ile, mpunga umeanikwa mbele ya nyumba, na mama akiulizwa njia anaonyesha kwa mkono, kisha anauliza habari za safari.

Jioni arudi kando ya mto, kwa wavuvi wanaoshona nyavu na wanafunzi wanaorudia masomo chini ya mti, kwa sababu nyumbani hakuna umeme wala nafasi.

Hapo ndipo kwenye shida. Parseli inapimwa, mawe ya mpaka yanawekwa, ukuta unapanda, na njia ya kwenda mtoni inakuwa ya mtu mmoja. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema wazi kwamba udongo ni mali ya Serikali. Mali ya Serikali maana yake ni mali ya wote, si ya yule mwenye rafiki ofisini.

Wengine watasema watu wana njaa, habari ya miti na mandhari ingoje. Lakini kuacha njia wazi hakuombi hata franga moja. Na anayeumia njia ikifungwa si tajiri mwenye kisima chake. Ni mama mwenye bidoo kichwani na mvuvi asiyejua aegeshe wapi mtumbwi wake.

Bwana meya na wakubwa wa komini tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli, waandike orodha ya nafasi za wote kando ya mto na kuibandika mbele ya ofisi, kila mtu aisome. Walimu nao wawatoe wanafunzi darasani siku moja. Huko Italia kuna barabara zenye jina la Kindu, kwa kukumbuka wanajeshi 13 wa anga wa nchi hiyo, waliokuwa na Umoja wa Mataifa, waliouawa hapa Novemba 1961. Watoto wangapi wa Kindu wanaijua habari hiyo?

Mtoto asiyejua mji wake hataulinda. Na ukuta ukishapanda, kuubomoa ni kesi ya miaka.